Dawa za maumivu na uvimbe: maswali yenu

Dokta, nimemeza ibuprofeni lakini mgongo haujatulia. Niongeze diklofenaki?

Usiongeze, ndugu yangu. Hizo ni za ukoo mmoja, pamoja na naproksini na meloksikamu. Ukizichanganya unazidisha madhara tu. Zote huzuia mwili kutengeneza prostaglandini, kemikali zinazochochea maumivu na uvimbe. Tatizo ni kwamba kemikali hizo hizo hulinda ukuta wa tumbo usiunguzwe na asidi, na husaidia damu kufika kwenye figo. Ndiyo maana kidonda cha tumbo huweza kukua kimya kimya, pasipo maumivu, mpaka utapike damu au upate choo cheusi kama lami. Ukiona hayo, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Parasetamoli haimo katika ukoo huu, kwa hiyo unaweza kuiongeza bila kuvuka kipimo chake. Ukijinunulia ibuprofeni bila cheti cha daktari, mtu mzima usizidishe miligramu 1,200 kwa siku, na iwe kwa siku chache. Soma pia pakiti ya dawa ya mafua: baadhi tayari zina ibuprofeni ndani.

Nikinywa baada ya kula, si nipo salama?

Chakula hupunguza kichefuchefu. Vidonda hakizuii. Hata sindano haikwepi tumbo, maana dawa hulifikia kupitia damu.

Mama yangu ana miaka 70, anatumia dawa za presha, na magoti yanamsumbua.

Huyu ndiye ninayemhofia kuliko wote. Dawa hizi hubakiza chumvi na maji mwilini, presha ikapanda. Zikikutana na dawa za presha kama enalaprili au losatani, na juu yake dawa ya kukojoza, figo zinaweza kufeli ghafla, hasa akiwa anaharisha na amepungukiwa maji. Asimeze hata kidonge kimoja cha ukoo huu kabla ya kuzungumza na daktari wake. Mwulizeni kuhusu diklofenaki ya kupaka. Ile huingia kidogo sana kwenye damu.

Nina mimba ya miezi saba, kichwa kinauma.

Dawa za ukoo huu ziache, dada. Kuanzia wiki ya 20 zinaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji yanayomzunguka tumboni. Tumia parasetamoli kwa kipimo chake, na kichwa kikiuma sana au ukaona ukungu machoni, wahi kliniki wakupime presha leo. Kama kliniki walikuandikia aspirini ya kipimo kidogo, hiyo usiiache mpaka uwaulize.