Tunza majibu ya jicho lako kama stakabadhi ya korosho

Kuna dada wa Masasi ameniandikia inboksi. Jicho la kushoto linamuuma akiligeuza, kanga nyekundu anaiona kama imechujuka, na jirani keshamwambia ni mkono wa mtu. Nimecheka, halafu nikanuna, maana maneno hayo hayo niliambiwa mimi.

Yalinianza nikiwa nafundisha hapa Mtwara, Shangani. Jicho moja likaanza kuona ubao kwa ukungu. Nikitembea juani saa nane ukungu unazidi, nikioga maji ya baridi unapungua. Mahali pamoja nikapewa miwani. Pengine, aliyevaa koti jeupe kabisa akaniambia, "Walimu mnapenda sana likizo." Sijamsamehe. Hali hiyo ya kuzidiwa na joto ilielezwa na daktari wa Ujerumani, Wilhelm Uhthoff, mwaka 1890, na huyo wa koti jeupe hajaisikia!

Safari za Dar, MRI (picha ya ubongo kwa sumaku), mambo ya bima, siwachoshi. Jibu likawa maltipo sklerosisi: kinga ya mwili inashambulia mayelini, ala inayofunika nyuzi za neva kwenye ubongo, uti wa mgongo na neva ya jicho. Ugonjwa huu umezoeleka zaidi nchi zilizo mbali na ikweta, kwa hiyo huku Kusini ukiutaja watu wanakukodolea.

Kilichonipa nguvu ni kipimo cha OCT, picha ya tabaka za nyuma ya jicho inayopigwa kwa mwanga. Unaegemeza kidevu, unatazama alama, mwanga unapita, basi. Hakuna sindano, hakuna eksirei. Kilitangazwa mwaka 1991 na watafiti wa Marekani, na wengi wanakijua kwa ajili ya glakoma (presha ya macho) na kisukari. Kwetu sisi uzuri wake ni huu: nyuzi za neva ya jicho, zikiwa bado ndani ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kwa kawaida hazina mayelini. Mashine inapima nyuzi zenyewe, na zikifa tabaka lao linakuwa jembamba. Kwa mtu mzima mwenye afya tabaka hilo huwa na unene wa wastani wa mikroni 100 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Jicho langu lililougua lilisoma 78, lenzake 96. Nilitamani kuibandika karatasi ile mlangoni kwa yule wa likizo.

Sasa dada, nisikilize. Ukipimwa neva ikiwa bado imevimba, tabaka linaweza kuonekana nene, ukaambiwa uko salama. Wembamba hujitokeza baadaye, mara nyingi kati ya miezi 3 na 6. Kwa hiyo pima mapema, omba karatasi, kisha rudia kwenye mashine ya aina ileile, kwani namba za mashine tofauti hazilinganishwi. Omba karatasi! Watu wa Kusini tunaficha stakabadhi ya korosho chini ya godoro, lakini majibu ya hospitali tunafungia maandazi.

Tena, OCT peke yake haitaji ugonjwa, kwani glakoma nayo hulipunguza tabaka hilohilo. Daktari wa macho na wa neva wote wayaone majibu. Vigezo vya McDonald vya kutambua ugonjwa huu, vilivyorekebishwa mwaka 2024, vimeihesabu neva ya jicho kati ya sehemu za kuangaliwa, hivyo karatasi hiyo ina uzito.

Ila usisubiri mashine ndipo umwone daktari. Nenda wiki hii, umwambie linauma ukiligeuza, nyekundu imefifia, na kama joto linakuzidishia, hilo lisikutoke. Akikuandikia miwani tu, muulize neva ameitazama.