Muulize Mjomba: Jana fundi, leo wananiita nyapara

SWALI: Mjomba shikamoo. Mi ni kijana wa miaka 34, niko Tanga, kiwanda sikitaji. Nimekuwa fundi mashine miaka saba, mwezi uliopita wakanipandisha nikawa supavaiza wa shifti, barua imeandikwa kabisa kwamba sasa niko kwenye menejimenti, nikafurahi hadi nikawanunulia watu soda. Sasa tangu siku ile nikiingia kantini watu wananyamaza, grupu la WhatsApp la mafundi wamefungua jipya mi simo, na juzi jamaa tuliyekuwa tunakaa benchi moja nimemsikia anawaambia wenzie "nyapara huyo anakuja". Halafu ovataimu wamenikatia, eti meneja halipwi ovataimu, nikipiga hesabu naona mshahara umeshuka na cheo kimepanda. Hivi meneja maana yake nini hasa, na kwanini watu wanatuona maadui? *Supavaiza, Tanga*

JIBU: Marahaba mpwa wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili na mara zote nimekwama hapo kwenye nyapara, kwasababu neno hilo huko Tanga si la mchezo, babu za hao mafundi wako wanalijua vizuri kuliko mimi na wewe.

Enzi za misafara ya Bagamoyo kwenda Tabora hadi Ujiji kulikuwa na watu wawili usiwachanganye. Kuna kirongozi, huyo anatangulia mbele na bendera, njia anaijua yeye. Halafu kuna mnyampara, mkubwa wa wapagazi, kazi yake kuwachunga, mzigo usiachwe porini na mtu asitoroke. Yakaja mashamba ya mkonge, mnyampara akahamia shambani akawa nyapara, anahesabu matita ya majani uliyokata, yakitimia ndo siku yako inawekwa alama kwenye kipande, yaani kadi yako ya kazi, na mpaka alama 30 zijae ndo uione hela, sasa akikwambia hayajatimia basi jasho lote la siku hiyo limekwenda na maji. Mpaka leo gerezani yupo, nyapara ni mfungwa aliyewekwa kuwasimamia wafungwa wenzie.

Umeona ilipo sindano? Mwenye shamba hakuitwa nyapara hata siku moja, yule alikuwa bwana mkubwa na alichukiwa kwa jina lake. Nyapara siku zote ni mtu wenu, mnalala naye kambi moja, anakula ugali uleule, ila anawahesabu kwa niaba ya mtu mwingine. Kwahiyo wanaokuita hivyo hawasemi wewe mkali, mwezi mmoja huo ukali umeupata wapi, wanauliza sasa hivi unamhesabia nani. Meneja mkuu wenu hawezi kuitwa nyapara hata akiwa mbaya vipi, hawajawahi kumtegemea.

Na hii ya kumwangalia meneja kwa jicho la pembeni haikuanza kwenu. Baada ya uhuru, Waafrika waliopandishwa kushika viti vya Wazungu maofisini watu waliwaita manaizi, ndo ile Afrikanaizesheni imekatwa kichwa na mkia. Baada ya Azimio la Arusha 1967 viwanda vingi vikawa vya umma, meneja akawa mteule wa serikali, ila tabia ilibaki ya bwana mkubwa wa zamani, ndo maana Mwongozo wa TANU wa 1971 ukasema wazi kiongozi asiwe na majivuno wala asidharau anaowaongoza. Wafanyakazi waliusoma ule, tena waliushika kifungu kwa kifungu, na miaka miwili iliyofuata kuna viwanda hapa Dar wafanyakazi waliwafungia mameneja nje ya geti. Serikali ilivumilia mwanzoni halafu ikachoka, wafanyakazi wengine walifukuzwa kazi.

Mi mwenyewe nilikuwa karani wa stoo kwenye shirika moja miaka ya 80. Meneja wa kwanza alikuwa anaingia saa mbili kasoro, anapitisha kidole juu ya shelfu, anaangalia vumbi, anafuta kidole kwenye ukuta wetu, anaondoka. Neno halisemi. Miaka mitatu sikumbuki sauti yake. Akaja mama mmoja, naye mkali tu, alinikata siku mbili kwa kuchelewa na sijamsamehe kabisa, lakini mwezi mmoja mshahara ulichelewa akatoka mwenyewe akasimama getini saa ya kutoka, watu 200 wanamwangalia, akasema hela haijaja, ya kwangu pia haijaja, Alhamisi ntakuja hapahapa kuwaambia imefikia wapi. Alhamisi akaja, hela bado haipo, ila alikuja. Hatukuwahi kumpa jina la utani yule, na sisi stoo jina la utani tulimpa hata paka.

Turudi kwenye hela maana hapo ndo penye haraka. Wanaokwambia meneja halipwi ovataimu wamesoma nusu ya sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 (ya Bara, Zanzibar wana yao) inasema wiki ya kawaida ni saa 45, zinazozidi zinalipwa mara moja na nusu. Wanaotolewa kwenye sehemu hiyo ya masaa ni mtu anayesimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri NA anayeripoti moja kwa moja kwa mtu wa menejimenti ya juu, yaani wale wanaotunga sera za kampuni. Masharti mawili, yote lazima yawepo. Sasa wewe unaripoti kwa nani? Kama unaripoti kwa mkuu wa karakana, naye anaripoti kwa meneja uzalishaji, ambaye naye kila kitu anapandisha juu kuomba ruhusa, basi barua yako iandike menejimenti kwa wino wa dhahabu, bado una hoja. Nenda kwa afisa utumishi na barua, siyo na mdomo, baki na kopi iliyogongwa muhuri. Wakikukatalia kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, madai ya namna hii yana siku 60 tangu mgogoro uanze, zikipita itabidi kwanza uombe ruhusa ya kuchelewa, sasa wewe mwezi mmoja umeshaumaliza kwa kunung'unika.

Na chama cha wafanyakazi usijitoe kisa cheo. Wanaozuiwa kukaa chama kimoja na wafanyakazi wa chini ni haohao wa menejimenti ya juu.

Grupu jipya usiombe kuingizwa, waache wana haki ya kukusema. Ila rosta ya shifti nadhani sasa unaipanga wewe, basi wiki ya kwanza ya usiku jiwekee mwenyewe, halafu usimtangazie mtu.

SWALI: Mjomba, mi mwanachuo. Uongozi, usimamizi, utawala, menejimenti, ipi ni ipi? Mwalimu anatupiga danadana. *Mwanachuo, Morogoro*

JIBU: Mwalimu wako msamehe, hata serikali ilipiga danadana. Mwaka 1972 vilianzishwa vyuo viwili, kimoja huko kwenu Mzumbe kikaitwa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, kingine Dar kikaitwa Chuo cha Usimamizi wa Fedha. Kwa Kiingereza neno ni lilelile moja, management! Baadaye Ofisi ya Rais wakachoka kuchagua, wakaandika Menejimenti ya Utumishi wa Umma, na utawala wakaupa nafasi yake pembeni, Utawala Bora. Mi nasikiliza mzizi tu: kusimamia kuna kusimama ndani yake, mtu yuko juu ya kazi anaiangalia, na kuongoza kuna kuongoa, kumtia mtu njiani. Kwenye mtihani lakini andika alichosema mwalimu.

SWALI: Bosi wangu mpya nimemzidi miaka 15. Asubuhi nani amwamkie nani? *Mzee wa Mapokezi, Dodoma*

JIBU: Akuamkie yeye bwana, cheo hakiongezi umri. Mi nilishakuwa na wa hivyo, kijana mstaarabu, kila asubuhi shikamoo mzee, tena anainama kidogo, na siku moja saa nne akaniandikia barua ya onyo. Nikaipokea kama nilivyoipokea shikamoo yake, nikasaini.