Kwa dada aliyeuliza kama kuchora kunasaidia baada ya hukumu: yaliyonikuta mimi Mufindi

Dada yangu wa Tukuyu, kamwene, na pole sana. Umeandika kwamba hukumu ya kesi ya marehemu baba yako imesomwa wiki mbili zilizopita na mshtakiwa ameachiwa. Nusu ya kijiji ilipiga vigelegele, nusu ilijifungia ndani, na dada yako wa tumbo moja hamsalimiani kwa sababu yeye anaona jaji alitenda haki. Ukauliza kama kuchora au kuandika kunapunguza kitu, au ni kujidanganya tu. Mimi ni mchora mabango hapa Mafinga, mwaka wa 14 huu. Nakujibu kwa yaliyonikuta.

Kaka yangu alifariki mwezi wa pili, msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi. Ugomvi ulianzia kilabuni, maneno madogo ya pesa ya mbao. Aliyempiga ni mtoto wa baba mdogo, na kwetu huyo ni mdogo wako kabisa, nimembeba mgongoni. Kesi ikaenda miaka mitatu. Mwisho jaji akasema si mauaji ya kukusudia, ni kuua bila kukusudia. Akapewa miaka michache, na muda aliokaa mahabusu ukazingatiwa. Tulipotoka nje upande wa baba mdogo walikuwa wanakumbatiana, mama yangu amekaa chini kwenye majani. Tuliondoka kwa magari mawili, na tangu siku ile ukoo una pande mbili.

Nieleze kidogo sheria, maana uchungu wangu mwingi ulitokana na kutoielewa. Kwenye Kanuni ya Adhabu kifungu cha 196 ni kuua kwa kukusudia, na adhabu yake ni moja tu, kunyongwa. Kifungu cha 195 ni kuua bila kukusudia, ambako adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha lakini jaji ana nafasi ya kushuka. Sisi wa Mufindi tuliijua tofauti hiyo kwa sababu ya tukio la Nyololo, kijiji cha hapa kwetu. Mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa pale tarehe 2 Septemba 2012, na mwaka 2016 Mahakama Kuu Iringa ikamtia askari hatiani kwa kuua bila kukusudia, miaka 15. Watu walibishana kwenye daladala na misibani, wengine wakisema angalau haki imeonekana, wengine wakisema hiyo ni nusu ya haki. Mimi nilibishana kama mtu anayezungumzia mvua ya wilaya nyingine. Sikujua itafika kwetu.

Ili kujua kama kulikuwa na nia ovu, ambayo ndiyo inayotenganisha vifungu hivyo viwili, mahakama inatazama silaha ilikuwa gani, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyopigwa, mapigo mangapi, na maneno na matendo ya mtu kabla na baada. Nayaelewa sasa. Lakini hayo yote kwa kaka yangu yalikuwa ni dakika kumi. Dakika zile kumi zilijadiliwa miaka mitatu, na ile miaka 31 aliyoishi haikuulizwa. Hata jina la kesi halikuwa letu: ilikuwa Jamhuri dhidi ya mshtakiwa. Mama hakuitwa kutoa ushahidi kwa sababu hakuwepo kilabuni.

Kitu kilichonivunja hasa ni karatasi moja. Polisi alitoa ramani ya eneo la tukio, kalamu ya bluu, mistari ya rula. Mstatili ni kilabu. Mistari miwili ni barabara. Herufi A ni pale ugomvi ulipoanza, herufi B ni pale marehemu alipoangukia. Ikapokelewa kuwa kielelezo. Mimi kuchora ndiyo kazi yangu, nimechora nyuso za watu nisiowajua kwenye saluni kumi na kitu, lakini kaka yangu sikuwahi kumchora. Mchoro wa kwanza kuchorwa juu yake ukawa ni herufi B.

Baada ya hukumu sikulala siku nne. Siku ya tano nikachukua rangi ya mafuta iliyobaki kwenye kazi ya duka la pembejeo, nikaenda kuchora ukuta wa nyumba ya mama, ule unaotazama barabara. Mizani imelala upande mmoja, mkono umeshika gongo, damu. Niliichora kwa ufundi wangu wote, na kila nilipoongeza nyekundu moyo ulizidi kuwaka. Wadogo zake yule kijana wanapita pale wakienda shule. Siku ya pili wakaanza kuzunguka njia ya mtoni. Siku ya tatu mama akatoka na ndoo ya chokaa, akasimama nyuma yangu muda mrefu. Akasema: "Mwanangu, humu namwona aliyepiga, namwona jaji, na wewe nakuona. Yeye umemwacha wapi?"

Chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta. Ilibidi nikwangue na kupiga msasa kutwa nzima, majirani wakitazama, ndipo tukapaka. Siijutii siku ile, lakini naomba ujue kwamba sanaa ya kuendeleza kesi nayo ipo, na hiyo mimi ilinila.

Baadaye nikanunua karatasi ya manila. Nikaichora upya ile ramani ya polisi kwa kichwa, mistari ileile, A na B mahali pake, maana ilikuwa imeshaniganda machoni na nilishindwa kuifukuza. Kisha nikaanza kuweka vilivyokuwepo. Mianzi nyuma ya kilabu, na mbeta za kukingia ulanzi zimening'inizwa. Mparachichi. Jiko la mama anayechoma mahindi. Nikaweka baiskeli ya kaka imeegemea ukuta na msumeno umefungwa nyuma. Mama akachungulia akasema baiskeli haikuwepo, siku ile alikuwa ameiazimisha kwa fundi mwenzake ambaye mkewe alikuwa mjamzito. Nilikuwa sijui hilo.

Nikafuta baiskeli. Nikamuuliza alifikaje basi, akasema kwa miguu, kupitia vinyunguni, kwenye bustani za bondeni, alikuwa amepita kuona viazi vyake. Nikachora njia. Karatasi ikaisha, nikagundisha nyingine. Kila jioni nilipotoka kazini mama alikuwa na kitu: hapa alivunjika mkono akiwa darasa la tatu, hapa alimposa mkewe, hapa aliniletea kuni wakati wa baridi ya mwezi wa saba. Manila zikafika nne, na herufi B ikabaki ndogo pembeni. Sikuifuta. Ni kweli aliangukia pale.

Halafu akaja shangazi, dada yao baba yangu na baba mdogo, yeye peke yake anayeingia nyumba zote mbili. Akaitazama kimya, akaweka kidole kwenye benchi la kilabuni. "Mchana walikaa hapa wote wawili," akasema. "Niliwapita. Walikuwa wanagawana gunzi moja la mahindi."

Sikutaka kuchora hilo. Lilinichukua wiki tatu, na kuna siku nilitaka kuichana karatasi yote. Mwishoni nikawachora kwa mgongo, wawili, bila sura. Usiku ule nililia kilio ambacho sikukilia kaburini wala mahakamani.

Usifikiri tumepatana. Bado naiona hukumu ile ni nyepesi, na kwa baba mdogo sijala hadi leo. Ila nalala. Na nikimkumbuka kaka sasa namwona anatembea vinyunguni, ile karatasi ya bluu haiji kwanza.

Kwa hiyo dada yangu, anza na kitu unachokijua kwa mikono, kofia ya mzee, kiti chake, hata kama mchoro ni mbaya. Usiuweke kwenye status, watu watakugeuzia kuwa mjadala wa hukumu. Dada yako usimwombe akubali msimamo wako, muulize tu kofia ilikuwa rangi gani. Kama mkono haukubali penseli, kwenu Unyakyusa ngoma za msibani zipo tangu enzi, yupo mama mtu mzima atakayekufundisha wimbo. Usingizi ukiendelea kukukimbia au ukijisikia kutaka kumdhuru mtu au kujidhuru, nenda hospitali useme hivyohivyo, wana huduma hiyo. Na suala la rufaa uliloligusia: sisi ndugu wa marehemu hatukati, ni Mkurugenzi wa Mashtaka, na notisi kwenda Mahakama ya Rufani inatakiwa ndani ya siku 30 tangu hukumu. Kwa hiyo wiki hii nenda ofisi yao ukaulize, usisubiri mchoro uishe.

Manila zetu mama anazikunja anaziweka chini ya kitanda. Wiki iliyopita alinipigia simu saa moja asubuhi kuniambia nimesahau mbwa. Kweli, kulikuwa na mbwa, alimfuata mpaka kazini. Jumapili napeleka penseli.