Talmudi na Yesu: marabi wanatuambia nini hasa?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Kwenye mhadhara wa dini, msemaji mmoja alidai Talmudi inathibitisha kwamba Yesu aliuawa mkesha wa Pasaka, akataja Sanhedrini 43a, yaani fungu mojawapo la Talmudi na ukurasa wake. Mwenzake akamjibu kwamba kitabu hichohicho kinamweka Yesu miaka mia moja kabla ya Pilato. Nimeitafuta 43a katika toleo la Vilna, maneno hayo sikuyakuta. Nani anasema kweli? Na je, maandishi ya marabi yanatusaidia chochote kuujua mwanzo wa Ukristo?

Jibu: Marahaba. Madai yote mawili yana maandishi nyuma yake. Tatizo ni kwamba wasemaji wako wameichukua Talmudi kama kitabu cha mtu mmoja kilichoandikwa kwa mkupuo, kumbe ni ghala la mafundisho na mijadala ya marabi, yaani walimu wa sheria wa Kiyahudi, ya karne nyingi. Mishna, yaani mkusanyo wa sheria za mapokeo, ilikusanywa Galilaya na Rabi Yehuda ha-Nasi yapata mwaka 200. Tosefta, mkusanyo unaokwenda sambamba nayo, ni ya karne ya 3 hivi. Talmudi ya Yerusalemu, ambayo licha ya jina lake ilitungwa zaidi Galilaya, ilikamilika karibu mwaka 400, na ile ya Babeli yapata karne ya 6. Mtu akikunukulia "marabi wanasema", muulize kwanza ni marabi wa kitabu kipi kati ya hivyo vinne.

Tuanze na ulichokikosa. Toleo la Vilna lilichapwa miaka ya 1880 chini ya udhibiti wa serikali ya Urusi, likifuata matoleo ambayo yalikwisha kukatwa zamani. Talmudi ilichomwa moto Paris mwaka 1242, ikachomwa tena Roma mwaka 1553, na toleo la Basel la 1578–1581 lilitoka baada ya kupitiwa na wadhibiti wa Kanisa. Ukitaka maneno yenyewe, tafuta hati ya mkono ya Munich namba 95, ya mwaka 1342, ambayo ndiyo pekee iliyohifadhi Talmudi ya Babeli karibu yote. Picha zake ziko mtandaoni. Baadhi ya matoleo mapya nayo yamerudisha sehemu zilizokatwa.

Humo imeandikwa kwamba mkesha wa Pasaka walimtundika Yeshu, ndivyo Talmudi inavyomwita Yesu. Siku 40 kabla, mpiga mbiu alitoka akitangaza kwamba mtu huyu anakwenda kupigwa mawe kwa kuwa amefanya uchawi na kuwapotosha Israeli. Mwenye neno la kumtetea na aje. Hakutokea mtu, wakamtundika.

Sasa angalia kwa nini habari hiyo imewekwa pale. Ukurasa ule unafafanua Mishna Sanhedrini 6:1, inayosema mpiga mbiu humtangulia mtu anayepelekwa kuuawa. Mjadala ni huu: mbiu hupigwa saa ileile tu, au hata siku za kabla? Kisa cha Yeshu kinaletwa kama pingamizi, na zile siku 40 ndiyo sababu ya kukileta. Kisha Ulla, mwalimu wa mwisho wa karne ya 3 na mwanzo wa ya 4, anahoji: mpotoshaji wa watu atatafutiwaje utetezi, wakati Kumbukumbu la Torati 13 inakataza kumhurumia? Anajibiwa kwamba Yeshu alikuwa kesi ya pekee, alikuwa karibu na serikali. Tena mbiu inataja mawe ilhali habari inataja kutundikwa, kwa sababu kwa Mishna 6:4 aliyekwisha kupigwa mawe ndiye hutundikwa, akiwa maiti. Warumi hawamo, wala Pilato.

Linabaki neno moja, mkesha wa Pasaka. Hilo linakubaliana na Yohana 19:14, na linapishana na Marko 14:12. Wengi hulirukia hapo. Lakini Talmudi ya Babeli ilipokamilika, Wakristo wa Mashariki walikuwa wamesoma Injili kwa karne nyingi, na majirani zao Wayahudi walizisikia. Kwa hiyo siihesabu 43a kuwa shahidi wa kujitegemea. Ninaisoma kama jibu la Wayahudi kwa yale waliyoyasikia kwa Wakristo.

Na ile miaka mia? Inatoka Sanhedrini 107b, ambapo Yeshu ni mwanafunzi wa Yehoshua ben Perahya, aliyekimbilia Aleksandria kumkwepa mfalme Yannai. Yannai alitawala 103–76 KK. Ila kisa kilekile kimo katika Talmudi ya Yerusalemu, Hagiga 2:2, ambayo ni ya kale zaidi: huko mwalimu ni Yehuda ben Tabai na mwanafunzi hana jina. Jina la Yeshu lilipachikwa baadaye. Hata kwingine, Shabati 104b, kuna Ben Stada, ambaye wengine humdhania kuwa ndiye Yesu, anayehusishwa na Papos ben Yehuda, mtu wa wakati wa Rabi Akiva, karne ya 2. Huku miaka mia nyuma, kule miaka mia mbele; kalenda ya namna hiyo usijengee hoja.

Kama ningepewa ukurasa mmoja tu wa marabi juu ya mwanzo wa Ukristo, ningechagua Tosefta Hulini 2:22–24. Rabi Eliezeri anakamatwa kwa tuhuma za *minut*, yaani uzushi, na kufikishwa mbele ya gavana wa Kirumi. Gavana anamshangaa: mzee kama wewe unajihusisha na mambo haya? Eliezeri anasema anamwamini hakimu. Gavana anadhani amesifiwa yeye, kumbe mzee anamkusudia Baba wa mbinguni, anaachiwa. Anarudi nyumbani na huzuni mpaka Akiva anapomuuliza kama kuna mzushi aliyewahi kumwambia neno likampendeza. Ndipo anakumbuka: katika barabara ya Sepphoris alikutana na Yakobo wa Kefar Sikhnin, akamwambia neno kwa jina la Yeshua ben Pantiri, naye akalifurahia.

Sepphoris iko kilomita 6 hivi kutoka Nazareti. Kisa hakijishughulishi kumweleza Yesu ni nani, na kinamwaibisha rabi mkubwa kwa kukiri kwamba lile neno lilimpendeza. Sambamba nacho kuna Eleazari ben Dama, aliyeumwa na nyoka. Yakobo wa Kefar Sama anakuja kumponya kwa jina hilohilo, Rabi Ishmaeli anakataza, na mgonjwa anakufa wakiwa bado wanabishana. Hakuna anayekataza kisichofanyika. Wafuasi wa Yesu walikuwa bado wanatembea mitaa ileile na marabi, wakifundisha na kuombea wagonjwa, na watu waliwaendea. Hata jina la Pantera, namna nyingine ya Pantiri, si la kuchelewa: Kelso, mpagani aliyeandika yapata 178, alikwisha kulisikia kwa Myahudi, na Origeni alimjibu karibu mwaka 248.

Matumizi mengine ni kuelewa maswali ya Injili. Mathayo 19:3, Mafarisayo wanauliza kama ni halali kumwacha mke "kwa kila sababu". Marko 10:2 haina maneno hayo. Fungua Mishna Gitini 9:10: shule ya Shamai ilikubali talaka kwa jambo la aibu tu, ya Hileli, hata akiunguza chakula. Mathayo anaanzia katikati ya ubishi huo, na jibu la Yesu kwake linasimama karibu na Shamai.

Jihadhari na kosa moja. Mishna Sanhedrini 4:1 inakataza kesi ya kifo kuhukumiwa usiku au mkesha wa sikukuu, na wengine huitumia kusema Injili zimedanganya, au kwamba Baraza lilivunja sheria. Mishna hiyo ilikusanywa miaka 130 hivi baada ya Hekalu kubomolewa mwaka 70. Inaeleza mahakama jinsi marabi walivyotaka iwe.

Ukianza kusoma, anza na Tosefta Hulini, kisha Gitini 9:10 ukiwa na Mathayo na Marko kando. 43a iache mwisho, na usiisome bila Mishna 6:1 iliyo juu yake.