Kabla hujasema shule za sekondari zinakula hela bure, hesabu waliomaliza

Kazi yangu miaka mingi ni hizi bajeti za elimu, na kila kikao lazima mtu achukue hela yote aigawe kwa idadi ya wanafunzi, basi, anatangaza mfumo fulani ndo nafuu. Hapo hamna kitu jamani.

Tuchukue mifumo miwili ya kubuni, sekondari ya miaka 4, kila mmoja umepokea watoto 100. Wa kwanza unatumia dola 500 kwa mtoto kwa mwaka ila nusu wanaacha shule baada ya mwaka wa 2, wa pili unatumia 700 na wanaoacha muda huohuo ni 10 tu. Ukigawa kwa waliomaliza, wa kwanza kila mhitimu kagharimu dola 3,000, wa pili kama 2,956, yaani ule "ghali" ndo umegeuka nafuu, na hapo hata wanaorudia darasa sijawagusa, maana anayerudia analipiwa mwaka mzima mwingine kwa cheti kilekile.

Halafu kumaliza siyo kujua. Ila usikimbilie asilimia ya ufaulu, shule inayochagua vichwa tangu mwanzo itaongoza hata walimu wakilala. Ripoti ya Coleman ya Marekani, mwaka 1966 huko, ilishaonyesha mtoto anakotoka kunabeba alama kuliko vifaa vya shule. Mimi naomba alama za kuingilia na za kutokea, za watoto walewale, hiyo tofauti ndo kazi ya shule. Wakikwambia za kuingilia hazipo, shusha sauti kwenye ripoti yako.

Na hela nyingi siyo dawa. PISA, ule mtihani wa watoto wa miaka 15 unaoendeshwa na OECD, shirika la nchi ambazo nyingi ni tajiri, matokeo ya 2022 yalionyesha matumizi yanaendana na alama mpaka kama dola 75,000 kwa mtoto tangu ana miaka 6, kupita hapo uhusiano unafifia. Kushusha darasa toka watoto 40 hadi 20 unahitaji walimu mara mbili, na mishahara ndo inakula sehemu kubwa ya bajeti, kwa hiyo uliza hapo kwanza.

Kingine, waulize wazazi. Korea Kusini alama zinapanda juu kweli ila familia zinalipia tuisheni sana, ukiangalia hela ya serikali peke yake utaisifia shule kwa kazi iliyofanyika jioni kwingine.