Maswali Yenu: Waya Aliouona Asubuhi

Tangu niandike juu ya ajali za ndege za kunyunyizia dawa mashambani, barua zimekuja nyingi kuliko nafasi. Zile zinazouliza kama ndege fulani ilirogwa nimeziweka kando. Watu wamekufa, na kilichowaua kinajulikana.

Rubani ana macho, na waya uko palepale mwaka mzima. Anaugongaje? (Mkulima wa mpunga, Mbarali)

Mara nyingi anaugonga huku anaujua. Najua ni vigumu kulikubali hilo, kwa hiyo nitaanza na hesabu. Mwaka 2011 chombo cha Australia kinachochunguza ajali za usafiri, ATSB, kilichapisha uchambuzi wa ajali 180 za ndege kugonga nyaya kati ya 2001 na 2010. Mia moja kati ya hizo zilikuwa za ndege za kilimo. Katika asilimia 63 ya visa, rubani alikuwa anajua waya ulipo kabla ya kuugonga.

Sasa keti naye kwenye kiti. Anaruka mita tatu juu ya mpunga, kilomita 200 kwa saa, yaani mita 55 kila sekunde. Asubuhi alizunguka shamba akauona waya. Mstari wa kwanza wa kunyunyizia ameukwepa waya, wa pili ameukwepa, wa ishirini ameukwepa. Kisha shamba limebaki kingo tu, anabadili mwelekeo ili azimalizie, na ule mpangilio aliokuwa nao kichwani umevurugika. Au ametupia jicho kioo cha GPS kwa sekunde moja, na mita 55 zimekwisha. Au simu ya mwenye shamba imelia, anataka kujua dawa itatosha au haitatosha. Akili haijasahau kwamba waya upo. Imesahau kwamba waya upo *sasa*.

Tena waya wenyewe hauonekani. Marubani wazuri hawatafuti waya, wanatafuta nguzo, halafu wanaangalia vile vikombe vya juu ya nguzo vinavyoshika waya vimeelekea wapi, maana ndivyo vinavyosema waya unakwenda upande gani. Unaoua sana ni ule mwembamba unaochepuka kutoka kwenye laini kubwa kwenda kwenye pampu ya maji au nyumba ya mlinzi.

Hapo ndipo unapoingia wewe mkulima. Umeme wa REA, wakala wa nishati vijijini, umefika, nami naushangilia kama mtu yeyote. Lakini kila msimu kuna nguzo ambayo mwaka jana haikuwepo, na rubani anakuja na ramani ya mwaka jana kichwani. Kabla hajapaa, mpakize kwenye pikipiki umzungushe shamba zima. Mwonyeshe kila nguzo kwa kidole. Na wakati anaruka, usimpigie simu.

Kwa nini asiruke juu zaidi, hata mita 30, awe salama? (Wasomaji sita, mikoa mbalimbali)

Nimeshalijibu hili na nitalijibu mara hii ya mwisho. Ukimwaga dawa ya zao kutoka mita 30, upepo unaichukua kabla haijafika chini. Inakwenda kwenye mizinga ya nyuki ya jirani yako na kwenye kisima chake. Rubani yuko chini kwa sababu kazi iko chini. Tafadhali someni toleo lililopita kabla ya kuandika.

Nasikia injini mbovu ndizo zinazoua zaidi. (Morogoro)

Injini huzima, na hilo si dogo. Lakini aliyezimikiwa na injini, akiwa amefunga mikanda na ana shamba tambarare mbele yake, bado ana nafasi ya kutua. Waya, na kona anayopinda mwisho wa mstari, havimpi nafasi hiyo.

Ndege ilimaliza mstari, ikapanda, ikapinda, ikaanguka kama jiwe. Hapakuwa na waya wala moshi. Nilikuwepo. (Narok)

Pole sana kwa uliyoyaona. Ndege hiyo siijui na sitaihukumu, ila nitakueleza kinachotokea kwenye kona, kwa sababu ulichoelezea ndiyo sura yake.

Mwisho wa kila mstari rubani hupandisha pua, hupinda, kisha hurudi na mstari unaofuata. Anafanya hivyo mara mia kwa siku. Ndege ikilala ubavu nyuzi 60 huku ikishikilia kimo chake, mbawa zinabeba uzito mara mbili ya kawaida. Mwendo ambao chini yake mbawa haziwezi tena kubeba unapanda kwa asilimia 41. Kama ilikuwa kilomita 100 kwa saa, sasa ni 141. Rubani aliyepandisha pua amekwishapoteza mwendo, na sasa anauhitaji zaidi. Akivuta usukani kidogo tu ili kona iwe fupi, mbawa zinaachia, mara nyingi bawa moja kabla ya jingine, na ndege inajipindua. Kwenye mita 1,000 angeiokoa. Kwenye mita 60 hakuna anayeiokoa.

Ongeza na Narok yenyewe. Mashamba yenu ya ngano yako karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Siku ya joto la nyuzi 28, hewa hapo inakuwa nyepesi kama ya mita 2,800. Injini inapata hewa kidogo, mbawa zinashika hewa kidogo, na tangi limejazwa lita zilezile ambazo lingejazwa pwani. Ndege kubwa ya Air Tractor AT-802 hubeba lita 3,000 hivi, na ikijaa kabisa uzito wake wote ni zaidi ya tani saba. Kona za mwanzo baada ya kujaza ndizo nzito kuliko zote.

Kwa ajili hiyo ndege hizi zina mpini wa kumwaga mzigo wote kwa dharura. Kanuni za Marekani zinataka ndege inayonyunyizia juu ya makazi ya watu iweze kumwaga angalau nusu ya mzigo wake ndani ya sekunde 45. Mpini upo, lakini je, rubani ana ruhusa ya kweli ya kuuvuta? Nilipokuwa kijana nilipakia dawa kwenye ndege hizi. Rubani mmoja alipaa na mzigo, akaona ndege haipandi, akaumwaga, akarudi salama. Mwenye kampuni, ambaye simtaji, alimkata mshahara kufidia dawa. Nilitazama nyuso za marubani wengine jioni ile, na nikajua hakuna hata mmoja wao atakayeugusa mpini ule tena. Mwezi uliofuata niliacha kazi pale.

Nimesema na narudia: anayemlipa rubani kwa hekta na kumkata kwa lita amekwishaandika nusu ya ripoti ya ajali.

Shikamoo. Kwetu Ahero wakija kwelea, wale ndege wadogo wanaokula nafaka, ndege za dawa huwanyunyizia jioni, jua likizama. Kwa nini wasije mchana ambapo kunaonekana?

Marahaba, mwanangu. Mchana kwelea wametawanyika mashambani wanakula. Jioni wanarudi kulala kwa maelfu kwenye matete au kwenye migunga, na hapo ndipo dawa inapowafikia wote pamoja. Kwa hiyo kazi inafanywa katika saa mbaya kuliko zote.

Jua la magharibi linampiga rubani usoni. Anayejua kazi hupanga mistari yake kaskazini na kusini ili jua liwe ubavuni, ila matete hayakuota kwa kufuata dira. Kisha jua linazama, na kwetu kwenye ikweta giza haligongi hodi. Dakika ishirini na kitu, usiku umeingia. Kundi lile likishtuka, linainuka mbele yake kama ukuta. Kwelea mmoja ana gramu 20 tu, lakini mamia kwenye kioo na kwenye tundu la kuingizia hewa ya injini ni jambo jingine. Nzige nao ni hivyohivyo. Januari 2020 ndege ya abiria ya Ethiopian Airlines iliyokuwa inatoka Djibouti kwenda Dire Dawa iligeuzwa ikatue Addis Ababa, kwa sababu nzige walikuwa wamekifunika kioo cha marubani. Hiyo ni Boeing yenye marubani wawili. Rubani wa kunyunyizia kwelea yuko peke yake, karibu na ardhi.

Kuna la tatu ambalo halitajwi. Dawa ya kwelea, fenthioni, ni ya jamii ya oganofosfeti, yaani sumu za neva. Dawa za jamii hiyo zikiingia mwilini, hata kwa glavu chafu iliyopangusa jicho, mboni husinyaa zikawa kama tundu la sindano. Jioni mboni inatakiwa kutanuka ili ipokee mwanga uliobaki. Ya kwake imejifunga. Haoni vizuri, hapimi umbali vizuri, kichwa kinamgonga, na anadhani ni uchovu. Ndiyo maana rubani hatakiwi kuchanganya dawa kwa mikono yake, na ndiyo maana damu yake inapaswa kupimwa kabla ya msimu na katikati ya msimu, kuona kolinesterasi, kimeng'enya kinachodhoofishwa na dawa hizo, kimeshuka kiasi gani. Kampuni isiyopima damu ya rubani wake isipewe zabuni.

Hukuniuliza hili, ila nakuambia: asubuhi yake msiokote kwelea waliokufa mkala. Kila msimu watu wanabeba ndoo. Kilichomwua ndege yule kingali mwilini mwake, nacho hakitoki kwa kukaangwa.

Ripoti ikisema "makosa ya rubani", si ndiyo basi? (Mwanafunzi wa sheria, Dodoma)

Siyo basi. Hapo ndipo kazi ya kuuliza inapoanza.

Tarehe 24 Oktoba 2013 ndege ya aina ya M18 Dromader, iliyoundwa Poland kwa kazi za kilimo, ilikuwa inazima moto wa msituni magharibi mwa Ulladulla, Australia. Bawa la kushoto lilikatika angani, rubani akafa. Wachunguzi walikuta ufa wa uchovu wa chuma uliokuwa umeanzia kwenye vishimo vya kutu, mahali bawa linaposhikana na mwili wa ndege. Ukaguzi ulikuwa umefanywa, lakini kwa njia ambayo haikuidhinishwa kwa sehemu ile. Rubani angefanya nini? Ndege hizi zinaoga mbolea na dawa kila siku, zinapinda na kuinuka mara elfu kwa msimu. Kutu na nyufa zinakuwepo kabla ya rubani kufika kazini.

Mwaka 2014 bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, ilitoa ripoti maalumu juu ya ndege za kilimo baada ya kuangalia ajali 78 za mwaka 2013. Iliyoyataja ni uchovu wa marubani, kukosekana kwa mwongozo wa kupima hatari, matengenezo ya ndege, na jinsi marubani wanavyopimwa kabla ya kuruhusiwa kufanya kazi hii. Hesabu mwenyewe ni mangapi kati ya hayo yako mikononi mwa rubani. Kijana, ukiwa wakili, siku moja familia itakuja kwako na karatasi yenye maneno hayo. Uliza alilala saa ngapi usiku ule. Uliza alilipwaje.

Mbona rubani wa ndege hizi anaketi juu kama aliyepanda ngamia? (Tanga)

Swali zuri. Kazi hii ilianza Ohio, Marekani, tarehe 3 Agosti 1921, kwa ndege ya kijeshi iliyorushwa na John Macready kumwaga dawa ya viwavi, na kwa miaka mingi iliendelea kufanywa na ndege zilizoundwa kwa kazi nyingine. Mwaka 1950 mhandisi Fred Weick wa chuo kikuu cha Texas A&M alirusha Ag-1, ndege iliyochorwa tangu mwanzo kwa ajili ya mashamba na kwa kukubali kwamba itaanguka. Kiti alikiinua ili rubani aone mbele na chini. Ndege nyingi za kunyunyizia unazoziona leo zimefuata sura hiyo, tangi likiwa mbele ya rubani ili mzigo usimponde, na nyingi zina visu vya kukatia waya mbele ya kioo. Visu hivyo husaidia kwa waya mwembamba. Usivitegemee kwa ule mnene.

Droni zitamaliza ajali hizi? (Arusha)

Kwa mashamba madogo naziunga mkono bila kusita, kwa sababu droni ikigonga waya hakuna mjane. Lakini droni ya lita 40 ikijaa ina kilo 90 hivi, na ikiwa hewani pamoja na ndege yenye mtu, rubani hataiona. Mkileta ndege wilayani, droni zote zikae chini siku hiyo.

Watoto wangu wanapenda kwenda mwisho wa shamba kuitazama. Kuna ubaya?

Mwisho wa shamba ndipo inapopinda. Waite nyumbani.

Wamesimika mlingoti mwembamba wa kupimia upepo karibu na mashamba yetu ya alizeti, rangi ya kijivu, una nyaya za kuushikilia pande zote. Nifanye nini? (Singida)

Barua yako nimeisoma mara mbili. Januari 2011 rubani wa ndege ya kilimo alikufa karibu na Oakley, California, alipogonga mlingoti kama huo. Mingi ya milingoti hiyo hujengwa chini kidogo ya futi 200, kwa kuwa kuanzia hapo ndipo sheria ilikuwa inadai alama na taarifa. Husimikwa kwa saa chache tu. Mwaka 2016 bunge la Marekani lilipitisha sheria kwamba hata ile ya kuanzia futi 50 iwekewe alama.

Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji, kisha mwende pamoja kwa waliousimika. Waambieni waupake nyeupe na chungwa kwa vipande kutoka juu hadi chini, na wafunge mipira ya rangi kwenye nyaya zake. Pima kwa simu yako mahali mlingoti ulipo, andika namba za mahali hapo, zipeleke kwa afisa kilimo wa wilaya na TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Kwelea wakija kwenye mtama wenu, rubani atakuja jioni, jua likiwa usoni. Namba hizo ziwe mezani kwa afisa kilimo kabla hajafika.