Nepi mbili kambani

Mhariri, swali lenu la wiki hii linasema: "Mtoto mchanga anyonyeshwe mara ngapi, mchana na usiku?" Nimelisoma nikiwa nimekaa juu ya gunia la mahindi hapa Sofia, Busia ya Uganda, nikisubiri mteja. Kwanza nilicheka, halafu nikakasirika. Kilichonikera ni hilo "mara ngapi". Anayeuliza mara ngapi anataka ratiba, na mimi na ratiba hatupatani tangu utotoni. Nimezaliwa na kulelewa kambini Jinja, baba akiwa askari. Tuliamka kwa tarumbeta, tukala kwa tarumbeta, taa zikazimwa kwa tarumbeta. Kiswahili ninachowaandikia nilikiokota huko huko, pamoja na chuki ya saa ya ukutani. Nilipoolewa huku mpakani niliapa kwamba wanangu hawatakula kwa amri ya mtu.

Kwa hiyo jibu nilikuwa nalo: mtoto anyonye akitaka, basi. Mama yangu alilea watoto sita bila kuhesabu hata siku moja. Ziwa halina saa. Ningeishia hapo nanyi mngepata barua fupi ya kuchapisha pembeni. Lakini kabla sijatuma nikakumbuka vikombe vya maharagwe, na barua ikaniharibikia.

Kifungua mimba wangu alizaliwa Agosti 2011. Wenye duka watakumbuka mwaka ule: kilo ya sukari ilipita shilingi 5,000, na kuipata kwenyewe mpaka ujuane na mwenye duka. Mtoto alikuwa na kilo 2.6. Nilijifungulia katika kituo cha afya ambacho sina haja ya kukitaja, na kesho yake tukaruhusiwa kwenda nyumbani. Muuguzi alipokuwa anatoa maelezo mimi nilikuwa bafuni, aliyeyapokea ni mume wangu. Aliyabeba njia nzima kama mtu aliyebeba yai. "Wamesema anyonye kila saa tatu."

Sasa nyinyi mnakijua Kiswahili. Saa tatu ni muda, na saa tatu ni wakati. Mume wangu amekulia kwenye Kisamia, Kiswahili amefundishwa na madereva wa malori. Alielewa saa tatu asubuhi na saa tatu usiku, kama vidonge. Msimcheke sana. Mimi sikuamini kwamba kichanga ananyonya mara mbili tu, nikawa nampa ziwa kila akijitingisha. Shida ni kwamba hakujitingisha. Ungedhani ameisikia ile amri ya baba yake akaamua kuitii.

Alilala. Siku hizo kile kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa 2018, hakijakuwepo, na foleni ya malori ilifika karibu na ukuta wetu. Injini zinanguruma usiku kucha, madereva wanagombana, na mtoto amelala tangu isha mpaka alfajiri. Wageni waliokuja kumwona walisema mtoto mpole namna ile hawajapata kumwona. Nami nikavimba kichwa. Mama mkwe alikuja kutoka kijijini na kuku wawili, unga wa wimbi wa kunikorogea uji, na sukari kidogo aliyoifunga kwenye pindo la leso. Alimwita mtoto wa baraka. Akiona midomo inacheza tu, alikoroga sukari kwenye maji ya vuguvugu akamtia kijiko kimoja, "koo lisikauke". Yeye mwenyewe chai yake alikunywa bila sukari wiki nzima. Naliandika hili ili asije mtu akadhani namsema vibaya.

Siku ya sita akaja Hajati. Huyu ni jirani yetu, Mnubi wa Bombo, mkunga aliyekwisha kustaafu. Hakuja kumwona mtoto, alikuja kuazima ungo. Namwona mpaka leo: amesimama uani, ungo kwapani, anaangalia kamba ya nguo.

"Mama, leo umefua?"

"Nimefua, Hajati."

"Umefua zote?"

"Zote."

"Naona nepi mbili."

Nikamwambia kwa fahari kwamba mtoto huyu hanichoshi. Akauweka ungo chini. Akanawa mikono, akaingia ndani, akamfungua mtoto shali tatu alizofungwa na bibi yake. Mama mkwe akalalamika kwamba atapata baridi. Hajati akamsugua nyayo kwa kidole gumba. Mtoto akafumbua macho, akayafumba. Akambeba mpaka dirishani, akambonyeza ngozi ya paji la uso kidogo, akaachia, akaangalia pale alipobonyeza kabla damu haijarudi. Pakawa manjano, rangi ya ndizi inayoanza kuiva. Akamtia kidole mdomoni, akakaa kimya kidogo.

"Huyu mnamwita mpole?" akasema. "Hana nguvu za kulia."

Tulipanda boda tukiwa watatu, yeye nyuma yangu akiwa bado na unga wa ungo kwenye vazi lake la gomesi. (Na hilo jina boda ni letu, watu wa mpakani, Kampala walituazima tu.) Njiani alinieleza kwamba kila mtoto hupungua siku za kwanza, hilo halina neno, na mara nyingi akifika wiki mbili anakuwa amerudi kwenye uzito wa kuzaliwa. Mizani ya zahanati ikasoma kilo 2.3. Alikuwa amepoteza zaidi ya sehemu ya kumi ya mwili wake, nasi nyumbani tunampongeza. Walituambia manjano bado ni mepesi, anyonye kila baada ya saa mbili au tatu, tumrudishe baada ya siku mbili. Akikataa ziwa, akipata homa, au manjano yakishuka mpaka miguuni, tusingoje kuche.

Jioni ile Hajati alichota maharagwe kwenye gunia langu mwenyewe, nambale nyekundu, akahesabu kumi. Akaomba vikombe viwili vya plastiki. Mtoto akinyonya vizuri, mpaka umsikie anameza, hamisha harage moja. Tangu adhana ya alfajiri mpaka adhana ya alfajiri inayofuata, kikombe cha kwanza kiwe kitupu. Nikamuuliza kwa nini kumi. Akasema kichanga hunyonya kati ya mara nane na kumi na mbili kwa siku moja ya mchana na usiku, kwa hiyo amenipa ya katikati nisije nikabishana. Muda uhesabu tangu alipoanza kunyonya, si alipomaliza. Mchana usipite saa tatu, usiku usipite nne, na asipoamka muamshe wewe.

Kumuamsha nako ni kazi. Unamvua, unambadilisha nepi kati ya ziwa moja na la pili, unampangusa uso kwa kitambaa chenye unyevu, unamkamulia matone kwenye midomo. Akikataa kuvuta, unakamua kwenye kikombe unampa kwa kijiko. Maji ya sukari marufuku. Siku ya kwanza ya kuzaliwa, Hajati alisema, tumbo la mtoto ni kama gololi, na dang'a kidogo tu, yale maziwa ya kwanza, inalitosha, lakini linabaki tupu upesi na lazima lijazwe tena. Ukilijaza maji umelidanganya. Usiku ndipo homoni ya maziwa inapopanda, akaongeza, na ziwa lisiloamshwa usiku hudhani limefukuzwa kazi.

Mama mkwe hakujibu kitu. Alirudisha sukari yake kwenye pindo la leso akalifunga fundo.

Mchana na usiku wa kwanza tulihamisha maharagwe manane, mengine kwa kijiko. Wa pili tisa. Mama mkwe alivichukia vikombe vile. Alisema mtoto wa mtu anahesabiwa kama deni la dukani. Usiku wa tatu nililala kama maiti. Nikasikia naguswa bega gizani, umeme haupo, na sauti inasema, "Mama, amka. Jogoo ameshawika na maharagwe bado matatu." Alikuwa amekaa kwenye mkeka na koroboi, vikombe viwili mapajani, mtoto ameshamvua nguo. Tangu usiku ule saa ya nyumba ilikuwa yeye. Asubuhi moja nilikuta maharagwe kumi na moja. Nilipomuuliza akasema lile moja ni lake, ameweka akiba.

Siku ya tisa nepi kambani zilikuwa saba. Hajati alisema kuanzia siku ya tano zisipungue sita zilizolowa, na kila alipopita alizihesabu kwanza kabla ya kunisalimia. Siku ya kumi na sita mizani ilisoma 2.7.

Sasa mtaniuliza ziwa halina saa limekwenda wapi. Subirini. Mwaka 2014 nilipata wa pili, msichana, na huyo alikuwa kinyume. Alinyonya tangu magharibi mpaka isha bila kuliachia, akapumzika nusu saa, akaanza tena. Maharagwe kumi yangekwisha kabla ya adhuhuri. Majirani wakasema maziwa yangu hayatoshi, ninunue ya kopo. Nilikaribia kukubali, hela nilikuwa nimeshaishika mkononi. Nikaenda uani nikaangalia kamba: nepi tisa. Nikairudisha hela kwenye pochi. Baadaye nikafahamu kwamba wachanga wengi hunyonya kwa kubananisha hivyo jioni, na kwamba anayejigeuza kutafuta, anayelamba ngumi, huyo tayari ana njaa. Kilio kinakuja mwisho. Kwake yeye vikombe ningevitupa, na ndivyo nilivyofanya.

Kwa hiyo nilianza barua hii nikiwa upande wa mama yangu na sasa najikuta nimesimama na Hajati, au karibu yake. Wiki mbili za kwanza hesabu. Nane ndiyo ya chini, na usiku umo ndani ya hesabu. Akisharudi kwenye uzito wake na akawa anaamka mwenyewe, mfuate yeye. Mama yangu nahisi alihesabu pia, ila hakuwa na kikombe. Watoto sita tulilala naye kitanda kimoja, angehesabu kwa mbavu.

Ila msiichukue barua hii kama daktari. Mapacha, aliyezaliwa kabla ya miezi, aliye chini ya kilo mbili na nusu, hao wana hesabu zao kwa muuguzi, na mtoto mgonjwa hangoji maharagwe. Tena mnaposema "mchana na usiku" mnasahau kwamba usiku una mwenyewe. Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 inampa mama likizo ya siku 60 za kazi na baba siku 4, kwa walioajiriwa. Sisi wa gunia hatumo. Mimi nilirudi Sofia siku ya ishirini, mtoto mgongoni, na kama usiku nisingekuwa na mtu wa koroboi sijui kama lile harage la saa nane za usiku lingehama. Lingehama labda. Au ningelihamisha bila kunyonyesha, nikalala, na nani angejua?

Mama mkwe mpaka leo anasema mjukuu wake angeamka mwenyewe, na kwamba kilichomshikilia siku zile tano ni sukari yake. Zamani nilikuwa nabishana naye. Siku hizi namwachia. Huyo mjukuu sasa anavaa viatu vya baba yake. Leo ni Jumamosi, inakwenda saa nne asubuhi, nilimwambia aje anisaidie kushusha magunia, na bado amelala.